Maiki ya Mgonjwa Asiyekuwepo

Mama Risasi alikuwa mtu wa kinyaa, na hakukificha. Ukimpelekea maikrofoni yako ya kuimbia, aliipokea kwa kipande cha gazeti, kama anayeokota panya aliyekufa, akailaza kwenye trei ya bati, kisha akakuuliza usoni: "Anayeitumia hii huwa anapiga mswaki?"

Jina lake halikuhusu bunduki. Ni ile risasi laini ya mafundi, uzi wa madini unaoyeyuka kwenye ncha ya chuma cha moto na kushikanisha waya na waya. Lakini wageni hawakujua. Mmoja aliyeelekezwa "nenda kwa Mama Risasi, nyumba ya tatu" aliuliza kwanza kama hakuna njia nyingine ya kuzunguka.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, watoto wake wawili wakiwa wameshajenga makwao. Miaka kumi na tisa aliitumia kwenye chumba cha matengenezo cha kituo cha redio, mwanamke peke yake kati ya wanaume saba waliokuwa wakipangusa pua kwa mkono na kwa mkono huohuo kushika vyombo vyake. Halafu wakubwa wakaona kununua kipya ni rahisi kuliko kutengeneza cha zamani, chumba kikageuzwa stoo ya viti, naye akarudi nyumbani na chuma chake cha risasi, mita yenye kioo kilichopasuka, na kinyaa chake kizima.

Nyuma ya nyumba alikuwa na chumba kidogo kilichokuwa stoo ya mkaa. Alikisugua siku nne, akakipaka chokaa mara tatu, akaweka meza, taa na feni ya kuvuta moshi. Hapo ndipo alipokuwa akitengeneza maiki, na kuzijenga upya za watu.

Uchafu alioukuta humo ndani aliusimulia mpaka watu wakamwomba anyamaze, hasa wakiwa mezani. Ukifungua wavu wa maiki ya mshereheshaji, alisema, unakuta sponji imegeuka rangi ya kiini cha yai lililooza. Mate juu ya mate, miaka na miaka. Rangi ya mdomo. Nywele za ndevu. Siku moja alikuta unyuzi wa nyama umekwama kwenye matundu, umekauka, akatoka nje akaosha kibano kwenye karo mara tatu. "Mtu anasimama mbele ya halaiki anawaambia wapendane," alisema, "na chakula chake cha jana kimeninginia hapo."

Kilichomkera zaidi, hata kuliko mate, ni maiki za dukani zinazouzwa kama za studio. Kwa nje ni nene kama mchi, zinang'aa, ukiishika mkono unashuka kwa uzito. Ukiifungua, unakuta kidude cha kunasia sauti kidogo kama punje ya dengu, na pembeni pande la chuma limegandishwa kwa gundi ili mnunuzi aone amenunua kitu kizito. "Wamemzika mwembamba kwenye jeneza la mnene," alikuwa akisema, huku analing'oa lile pande kwa bisibisi na kulitupa ndooni. Kisha anang'oa na saketi yote, anabaki na ganda tupu, na humo anajenga upya.

Kazi yenyewe ilimfaa kuliko alivyojua. Maiki ya namna aliyoijenga ina utando mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, umepakwa dhahabu kwa mbali, umetandazwa mbele ya kibati cha shaba. Sauti ikigonga utando, umeme mdogo sana unatikisika katikati ya hivyo viwili. Mdogo kiasi kwamba alama ya kidole tu, yale mafuta ya ngozi usiyoyaona, inatosha kuwa daraja la kuutorosha. Maiki inaanza kuchakacha kama mtu anayekanyaga majani makavu. Kwa hiyo Mama Risasi aliosha kila ubao wa saketi kwa spiriti na brashi ya meno, akaukausha chini ya taa, akaugusa kwa kibano tu, pumzi ameizuia. Kinyaa kilichomfanya asile kwenye sherehe za watu, na asimpe mkono mtu aliyepiga chafya, ndicho kilichozifanya maiki zake ziwe tulivu. Wanakwaya walizipenda. Msomaji mmoja wa taarifa za habari alisema ukizungumzia kwenye maiki ya Mama Risasi unajisikia kana kwamba umeoga.

Basi, siku moja mchana, akaja shemeji yake.

Huyu alikuwa mume wa mdogo wake wa pekee, msimamizi wa karakana inayoshona sare za shule na za walinzi, yenye cherehani kama arobaini na wanawake arobaini. Mama Risasi alimpenda shemeji huyo kwa sababu moja: alikuwa msafi. Shati limepigwa pasi mpaka mikono, kucha zimekatwa, leso mbili mfukoni, moja ya uso na moja ya kukalia. Katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kukaa kwenye kiti cha wageni ndani ya kile chumba cha nyuma.

Akatandika leso, akaketi, akainamisha kichwa.

"Shemeji, mama yangu ameanguka," alisema. "Yuko kwa kaka yangu, hainuki tena kitandani. Sauti imekwisha kabisa, ananong'ona tu. Anayemwuguza yuko chumba cha pili, hamsikii."

"Lini tena? Mbona mdogo wangu hajaniambia?"

"Nimemkataza. Mama hataki watu wajue. Ndiyo maana nimekuja kwako mwenyewe. Nataka maiki ndogo, shemeji, ya kuweka juu, mbali, asiione. Akijua anasikilizwa ataona aibu. Na iweze kusikia hata mnong'ono."

Mama Risasi aliweka kibano mezani. Huyu mtu alikuwa amegusa penyewe, na alikuwa anajua amegusa wapi. Miaka sita nyuma, mama yao, yeye na mdogo wake, alifariki katika chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, alasiri moja mvua ikipiga bati. Mama Risasi alikuwa huku nyuma analehemu. Alipokwenda kumtazama alimkuta ameshaondoka, mkono umening'inia, kikombe kiko sakafuni. Aliita au hakuita, hakuna aliyejua. Shemeji alikaa matangani siku zote na kuisikia habari hiyo ikisimuliwa na Mama Risasi mwenyewe, kwa machozi.

"Nipe wiki tatu," Mama Risasi akasema.

Alikuwa na kidude kimoja cha kunasia sauti alichokitunza miaka mingi ndani ya chupa ya dawa, amekizungushia pamba, akisubiri kazi ya kukistahili. Akakitoa. Alipima transista ishirini moja moja, akachagua ile yenye kelele ndogo kuliko zote. Akabadilisha kapasita ya kupitishia sauti, akaweka ndogo zaidi, ili ngurumo za milango na hatua za miguu zisipite, na mnong'ono ubaki juu. Umeme aliutoa kwenye chaja ya simu kupitia saketi ndogo ya kuupandisha, na hiyo ndiyo iliyomsumbua: ilitoa mlio mwembamba kama wa mbu aliye mbali. Alihangaika nao siku nne. Akaupunguza, haukuisha. Mwishowe akauacha, kwa sababu sikio la kawaida lisingeusikia.

Siku ya kujaribu alimwita mpangaji wake. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne aliyepanga chumba cha mbele, fundi cherehani, na kazi alikuwa amepata mwezi uleule katika karakana ya shemeji, kwa maombi ya Mama Risasi mwenyewe. Binti alikwenda kusimama mwisho wa ukumbi, akaufungua mdomo kidogo.

"Niseme nini, mama?"

"Sema maji. Kwa mnong'ono. Usinikazie sauti."

Binti akanong'ona: maji. Mama Risasi, hedfoni masikioni, mlango umefungwa, alisikia neno zima, hata ulimi ulivyoachana na meno. Akavua hedfoni akaziweka mezani.

Shemeji aliichukua maiki akiwa ameifunika kwa leso yake. Kila Mama Risasi alipopiga simu kumwuliza hali ya mgonjwa, alijibu kwamba anaendelea hivyohivyo, na kwamba maiki inasaidia mno, Mungu ambariki. Akiomba kwenda kumwona, aliambiwa asubiri, mgonjwa hataki wageni. Na kwa kuwa jambo lilikuwa siri, Mama Risasi hakumgusia mdogo wake.

Ikapita miezi minne.

Siku moja, saa sita mchana, yule mpangaji akarudi nyumbani amebeba mfuko wa vitu vyake vya kazini: mkasi, futi, kandambili. Hakufika chumbani. Aliinama kwenye mfereji wa uani akatapika. Mama Risasi alisimama mlangoni, mkono puani, kama kawaida yake, kisha akaona aibu, akachota maji akampelekea.

"Wamekufukuza?"

"Zimebaki wiki mbili nimalize muda wa majaribio," binti akasema, akisukutua. "Msimamizi amesema karakana haina nafasi ya mtu atakayeanza kwenda kliniki. Mama, sijamwambia mtu yeyote kwamba nina mimba. Hata wewe sijakwambia. Amejuaje?"

"Mmefukuzwa wangapi?"

"Watatu. Wale wawili wamefukuzwa kwa maneno. Waliyasema wao kwa wao, kumsema yeye. Ameyarudia neno kwa neno, halafu akatutumia rekodi hii kwenye kundi la simu la wafanyakazi, ameandika chini yake kwamba kuta zina masikio."

Akampa simu. Mama Risasi aliifuta kwa spiriti, akaenda nayo kwenye meza yake, akachomeka hedfoni.

Ilikuwa sauti ya wanawake wawili. Maji yalikuwa yakitiririka kwenye sinki. Mmoja alilalamika kwamba msimamizi anawapimia hata dakika za kwenda haja, mwingine akacheka na kumwiga anavyojipangusa kwa leso. Nyuma yao, upande wa kushoto, nyuma ya mlango, mtu wa tatu alikuwa anatapika, polepole, akijitahidi asisikike. Kisha akavuta pumzi, akasema kwa mnong'ono, peke yake: ee Mungu wangu.

Kitu ambacho Mama Risasi alikisimulia baadaye kwa taabu, na ni watu wachache aliowasimulia, ni hiki. Kabla ya kukasirika, alifurahi. Nusu dakika nzima alifurahi. Aliisikiliza kazi kama fundi: jinsi maji yasivyofunika maneno, jinsi herufi zinavyokatika vizuri, ule mnong'ono ulivyosimama peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Akajisemea, aliyetengeneza hii anajua kazi. Ndipo, maneno yalipokoma, akamsikia mbu.

Alivua hedfoni kama aliyevua kitu kichafu kichwani. Aliosha mikono kwa sabuni. Aliosha tena. Akakaa kwenye kile kiti cha shemeji, akakumbuka ni cha nani, akainuka.

"Hiki ni choo," alisema. Binti alikuwa mlangoni.

"Ndiyo mama. Choo chetu cha kazini. Yule anayetapika ni mimi."

Hakumwambia siku hiyo. Alitaka kwanza kuhakikisha, au tuseme alitamani akute amekosea. Kesho yake asubuhi alivaa, akaenda kwa kaka wa shemeji, ng'ambo ya pili ya mji, bila kupiga simu. Alimkuta mgonjwa asiyenyanyuka kitandani amesimama juu ya kigoda, anafuta kioo cha dirisha, na anamfokea mjukuu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si dada wa mkwe wangu? Karibu. Mbona umenitolea macho?"

"Niliambiwa unaumwa, mama. Nimeambiwa hunyanyuki."

Bibi akashuka kwenye kigoda, taratibu, kitambaa mkononi.

"Nani kaniombea hayo?"

"Mwanao."

"Ninao wanne."

"Huyu msafi."

Bibi alilikunjakunja lile tambara. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekanyaga kitu gizani na hataki kutazama ni nini. "Amenilaza kitandani na miguu yangu mizima," akasema. "Ili apate nini?"

Mama Risasi akamweleza. Bibi hakushangaa sana, na hilo ndilo lililomtia Mama Risasi baridi. "Tangu mdogo alikuwa wa kusimama milangoni," bibi akasema. "Nilimpiga, akaacha kusimama. Nikadhani ameacha na kusikiliza."

Kutoka hapo Mama Risasi alikwenda moja kwa moja karakana. Shemeji alimpokea ofisini, chumba cha vioo kinachotazama safu za cherehani, kikinukia marashi. Alimkunjulia kiti. Mama Risasi hakukaa.

"Nimekuja kwa ajili ya ile maiki," alisema. "Niliiacha na mlio, kama wa mbu. Umenikosesha raha. Nataka niitoe nirekebishe."

Alitarajia ashtuke. Walau abadilike rangi, ajikune, aulize umejuaje. Yule bwana alitabasamu, akafunga mlango, akasogeza kiti chake karibu kama watu wanaotaka kula njama.

"Shemeji, wewe ni bingwa," alisema. "Sikutaka kukwambia kwa sababu ungekataa, nakujua. Lakini sikiliza mwenyewe." Akafungua kompyuta. Mafaili yalikuwa yamepangwa kwa tarehe, kwa unadhifu wake uleule, kila moja na jina la mwanamke. Akabonyeza. Mlango ukagongwa, mtu akalia kwa kwikwi, maji yakavutwa. Akabonyeza jingine. Mtu alikuwa anazungumza na mumewe kwa simu, anamsihi arudi nyumbani. Shemeji alisikiliza huku anatikisa kichwa, leso mdomoni.

"Hawa watu ni wachafu sana," alisema. "Usingeamini yanayosemwa mle ndani. Kuna siku nimesikiliza mpaka nikataka kutapika. Yule mpangaji wako nilimjua kabla mwenyewe hajajijua, kila siku saa tatu na nusu, kama saa ya ukutani."

Mama Risasi alimtazama. Alitazama kola iliyonyooka, kucha zilizokatwa, leso nyeupe. Alikuwa ameona miaka yake yote ute wa kila namna, mate, kamasi, ukungu, mende waliooza ndani ya spika, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumpandisha nyongo kama yule mtu msafi kwenye kiti chake kisafi.

"Iko wapi?"

"Juu, kwenye tundu la hewa. Nitawatoa kwanza wote waliomo. Unataka ngazi?"

"Nataka ngazi."

Alipanda mwenyewe. Tundu la hewa lilikuwa na kifuniko cha plastiki, na nyuma yake palikuwa na kile kiboksi alichokuwa amekipiga msasa kwa mikono yake, kona zote, ili mgonjwa akikigusa kisimkwaruze. Sasa kilikuwa kimefunikwa na utando wa buibui, na unyevu wa choo umegandisha vumbi juu yake mpaka limekuwa ute mweusi. Hakutafuta gazeti. Alikishika kwa kiganja, akang'oa waya, akashuka.

Shemeji alikuwa anamsubiri mlangoni na mfuko. Mama Risasi akampita. Hakwenda ofisini. Alikwenda mpaka katikati ya cherehani, kwenye njia baina ya safu mbili, akasimama. Mwanamke wa karibu akaacha kushona. Halafu wa pili yake. Kelele za mashine zikapungua safu kwa safu, mpaka ikabaki moja ya mbali, nayo ikanyamaza.

"Samahanini," alisema. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. "Hii ni maiki. Ilikuwa chooni kwenu, juu ya sinki. Ina miezi minne. Imesikia kila kitu mlichokifanya mle, na msimamizi wenu ameyaweka kwenye kompyuta, kila mtu na jina lake. Aliyeitengeneza ni mimi."

"Shemeji," yule bwana akasema nyuma yake, kwa upole wa kutisha, "haya ni mambo ya familia. Njoo tuzungumze ndani."

"Familia yako iko nyumbani. Hapa ni choo cha watu."

Mwanamke mmoja wa makamo, kitambaa cha kijani begani, alinyoosha mkono. Mama Risasi akampa kile kiboksi. Akakigeuzageuza, akakinusa, akakiweka mezani upesi na kupangusa vidole kwenye gauni.

"Na wewe hukujua inakwenda wapi?"

"Niliambiwa ni ya mgonjwa."

"Ukaenda kumwona huyo mgonjwa?"

"Sikuenda."

"Fundi gani asiyejua kazi yake inafungwa wapi," yule mwanamke akasema. Hakuuliza. Aliinuka, akachukua mkoba wake, na wenzake wakainuka. Siku hiyo hakuna sare iliyoshonwa tena. Hakuna aliyemshukuru Mama Risasi wakati wakimpita, na wawili walimtazama kama walivyomtazama msimamizi.

Mambo yakaenda ofisi ya kazi. Mama Risasi aliitwa kutoa maelezo, akaenda na maiki ndani ya mfuko wa nailoni, akaeleza ilivyotengenezwa, waya kwa waya, na jinsi alivyoitambua kwa mlio. Afisa aliandika kurasa tatu. Alipomaliza akafunga kalamu, akatazama mlango, akainama mbele.

"Mama, hivi ndogo kama hii, unaweza kunitengenezea moja? Ya nyumbani tu."

Mama Risasi aliinuka bila kuaga. Alifika nje, akakaa kwenye ngazi za jengo lile, juani, watu wakimruka, na akacheka kidogo, kicheko kibaya, cha mtu aliyekuta funza kwenye tunda la pili baada ya kutupa la kwanza. Kisha akarudi ndani, akaomba kuonana na mkubwa wa yule afisa, akayasema na hayo.

Mdogo wake alikuja siku ya tatu. Hakuingia ndani, alisimama uani, macho yamevimba.

"Umemwaga mtama penye kuku wengi, dada," alisema. "Watoto wangu wanazomewa shuleni. Ungekuja kwangu kwanza."

"Ningekuja kwako ungefanya nini?"

"Sijui. Ningelia."

"Wale wameshalia, mdogo wangu. Nimewasikia."

"Ni mume wangu."

"Najua. Na mama yetu alikuwa mama yako pia. Alichukua kifo cha mama yetu, akakifanya ufunguo wa mlango wangu."

Mdogo wake aliyasikia hayo, ilionekana ameyasikia. Kisha akaondoka, na kwa mwaka mzima uliofuata salamu baina yao zilipita kwa watu wengine, fupifupi, za mvua na za misiba.

Msimamizi aliondolewa. Wenye karakana hawakumwondoa kwa aibu. Walimwondoa kwa sababu shule mbili zilikataa sare zao baada ya habari kuenea. Mafaili yalifutwa mbele ya wanawake sita waliochaguliwa na wenzao, na choo kikapigwa plasta upya, tundu la hewa likawekwa wavu wa kuona ndani. Wawili kati ya waliofukuzwa walirudi kazini. Mpangaji hakurudi. Alisema anaweza kurudi kwenye cherehani, ila mle chooni hawezi kuingia, na mjamzito atafanyaje kazi mahali asipoweza kwenda chooni? Alianza kushonea barazani, nguo za majirani, mapazia, baadaye sare za shule moja ya zile mbili.

Mama Risasi alikuwa amemweleza siku ileile aliyotoka karakana, wote wamekaa kwenye ngazi ya uani. Alieleza yote, pamoja na ile nusu dakika ya furaha. Hakuwa analazimika kuieleza. Binti alisikiliza huku ameshika tumbo.

"Kwa hiyo siku ile uliponiambia niseme maji," alisema mwishowe, "ulikuwa unaifundisha kunisikia mimi."

"Sikujua."

"Najua hukujua, mama." Akainuka kwenye ngazi. "Lakini usinikaribie leo."

Hakumkaribia siku ile, wala kesho yake, wala wiki ile. Kodi ya chumba iliwekwa chini ya mlango. Wiki ya tatu binti akamgongea kuomba uzi wa waya wa kufungia meza ya cherehani iliyolegea, Mama Risasi akaenda kuifunga mwenyewe, na walizungumza habari za meza tu. Mtoto alipozaliwa, wa kike, ni Mama Risasi aliyefua nepi za wiki mbili za mwanzo. Alizifua kwa mikono, uso ameukunja, akilalamika tangu ya kwanza hadi ya mwisho kwamba hajapata kuona mtu mdogo mwenye mambo makubwa hivyo.

Kile chumba cha nyuma alikifunga miezi miwili. Alisema moshi wa risasi unamwumiza kichwa, lakini aliyekuwa akipita alimwona amekaa nje ya mlango, mikono mapajani, haifanyi kitu. Ile maiki, iliporudishwa kutoka ofisi ya kazi, hakuivunja kama watu walivyotarajia. Aliifungua, akaiosha kwa spiriti kipande kwa kipande, akatenganisha kila kitu na kukirudisha kwenye visanduku vyake, rizista kwa rizista, kapasita kwa kapasita. Kile kidude cha kunasia sauti alikitazama sana. Kilikuwa kizima, hakina doa. Akakifunga ndani ya maiki kubwa ya kwaya, nene kama mkono wa mtu, inayosimama kwenye mhimili mbele ya macho ya watu wote.

Alipofungua tena chumba, alikuwa na masharti. Hatengenezi kitu kinachoingia mfukoni. Hatengenezi mpaka ameonyeshwa ukumbi, au jukwaa, au mdomo wa mtu atakayeitumia. Wateja wengine walicheka, wengine wakaudhika, wachache wakaenda kwa mafundi wasiouliza. Hivi karibuni alikuja bwana mmoja, mstaarabu, suti ya kijivu, akataka kitu kidogo cha kunasia mihadhara ya chuo.

"Nitakuja kukiona hicho chuo," Mama Risasi akamwambia. "Kesho asubuhi ninayo nafasi."

"Si lazima, mama. Ni darasa la kawaida tu."

"Basi tutaliona darasa la kawaida."

Yule bwana alisema atapiga simu. Alipofika kwenye geti alijipangusa mikono kwa leso safi, iliyokunjwa vizuri. Mama Risasi alimtazama mpaka akapotea kwenye kona, akatema mate pembeni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, kisha akaingia ndani kuendelea kusugua sponji ya mshereheshaji.